Boksi la TV kwa mama Lamu: usizime fayawoli

Boksi nililomnunulia mama lilitoka Birmingham ndani ya begi la jirani, likafika mtaa wa Langoni salama, likachomekwa, likashika waifai, na picha haikutoka. Mpwa wangu akanipigia: "Mjomba, linasema hakuna intaneti." Simu yake kwenye waifai ile ile ilifungua kila kitu. Basi laini ilikuwa nzima. Kizuizi kilikuwa fayawoli ya ruta, yaani mlinzi anayechuja kinachoingia na kutoka mtandaoni, ambayo mimi mwenyewe niliibana nilipokuja likizo, kwa ajili ya watoto.

Ushauri utakaoupata haraka ni kuizima. Usikubali. Kwetu mgeni hupokewa dakani kwanza, kwenye ukumbi wa mlangoni, na boksi ni mgeni. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu BADBOX 2.0, programu haribifu iliyokutwa kwenye vifaa vya bei rahisi, maboksi ya TV yakiwemo, vingine vikiwa na maradhi hayo kabla havijanunuliwa. Boksi likikutaka uzime Play Protect, ulinzi wa Google unaokagua programu, ndipo lifanye kazi, lirudishe dukani.

Boksi la kutazama vipindi hutoka lenyewe kwenda kuvifuata. Halihitaji mtu wa nje aingie, kwa hiyo usifungue poti yoyote ya kuingilia; poti ni mlango wa mtandao wenye namba. Za kutokea ni chache (TCP na UDP ni namna mbili za kusafirisha data): TCP 443 na 80, UDP 443 kwa baadhi ya programu, 53 ya DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, na UDP 123 ya saa. Mimi nilikuwa nimeacha 80 na 443 za TCP peke yake, na DNS ya ruta.

Hiyo ya saa ndiyo wengi huisahau, nami niliisahau. Nilimwambia kijana afungue mipangilio anisomee tarehe. "Mjomba, imeandika 2015." Maboksi mengi hayana betri ya kutunza saa, umeme ukikatika, yakiwaka tena huanza na tarehe ya zamani mpaka yaulize saa mtandaoni kupitia 123. Pakizibwa, boksi hubaki kwenye mwaka huo wa kale, likaona vyeti vya usalama vya tovuti za leo havijaanza kutumika, likavikataa vyote. Simu haipatwi na hayo kwa sababu ina saa yake. Tulifungua 123, tukalizima na kuliwasha, tarehe ikajirekebisha.

Likigoma bado, tazama DNS. Yako maboksi yasiyouliza ruta, yanakwenda moja kwa moja 8.8.8.8, DNS ya Google. Ruhusu anwani hiyo kwa boksi hilo tu, baada ya kulipangia IP, anwani yake ndani ya mtandao wa nyumbani, isiyobadilika.

Kurusha video kutoka simu hadi TV ni jambo jingine: simu na boksi viwe kwenye waifai moja, si ile ya wageni, maana hiyo mara nyingi huzuia vifaa visionane.

Sasa nyumba yenyewe. Ruta ya mama ilikuwa ndani ya kidaka cha ukutani, kati ya sahani za kale, na ukuta wa matumbawe na chokaa hapo ni mnene. Mawimbi ya 5 GHz hayapenyi vizuri ukuta wa namna hiyo. Weka ruta chumba kimoja na TV, au tumia 2.4 GHz, au bora zaidi, waya.

Picha ya HD huhitaji kama Mbps 5, na kwa kasi hiyo saa moja hula zaidi ya GB 2. Kama nyumbani wanatumia bando, shusha picha hadi 480p kabla hujakata simu.

Kazi yote tuliifanya kwa simu ya video, kijana akielekeza kamera kwenye skrini. Usifungue ukurasa wa ruta uingilike kutoka nje ili uutengeneze ukiwa Ulaya. Piga baada ya alasiri, mama akiwa amepumzika, na mwombe akushikie rimoti yeye mwenyewe, kwa sababu kesho kijana atakuwa shuleni.