Kabla ya Kwenda Wadi Shab: Mambo ya Kuzingatia

Wadi Shab ni korongo lililochongwa na maji katika milima ya Hajar ya Mashariki, nchini Oman, na mdomo wake unafunguka baharini karibu kabisa na mji mdogo wa Tiwi. Kutoka Maskati ni kama kilomita 150 kwa barabara kuu ya kwenda Sur, lami nzuri mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo gari dogo la kawaida linatosha. Kwa ndugu zetu wanaofanya kazi Maskati na wana Ijumaa moja tu ya kupumzika, ni safari inayowezekana: mnachangishana mafuta, mnatoka alfajiri, jioni mmerudi.

Kila aliyefika atakwambia njia ni nyepesi, na hakudanganyi. Unatembea kama dakika 45, huna mlima wa kupanda, na unarudi kwa njia ileile uliyoendea, hivyo kupotea si rahisi. Ila wepesi huo unaishia pale njia inapoishia. Kipande kilichobaki kufikia maporomoko ya maji yaliyo ndani ya pango hakina njia ya miguu; ni kuogelea. Watu wengi hujiandaa kwa viatu na kofia wakasahau kwamba safari hii nzima inaamuliwa na maji: yaliyoko mlimani, yaliyoko kwenye vidimbwi, na yaliyoko begini mwako.

Anza na anga, tena uanze siku mbili kabla. Milima ya Hajar upande huu ni mawe ya chokaa, haina udongo wa maana wala msitu wa kuyanywa maji ya mvua. Mvua ikinyesha huko juu, mbali na macho yako, inateremka yote kwa pamoja ndani ya korongo jembamba. Jua linaweza kuwa linawaka pale mlipoegesha gari, huku mafuriko yako njiani. Aprili 2024 mvua za namna hii ziliua watu kadhaa Oman, wakiwemo wanafunzi ambao gari lao lilisombwa na maji huko Samad al-Shan. Kimbunga Gonu, Juni 2007, kiliharibu barabara na vijiji vya pwani hii yote. Kwa hiyo fuatilia tahadhari za Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Oman, ndiyo inayosimamia utabiri wa hali ya hewa, na usome utabiri wa milimani, usiishie kwenye ule wa Maskati. Pakitajwa mvua za radi kwenye Hajar, ahirisheni, hata kama gari la kukodi limeshalipiwa.

Mkiwa tayari ndani, macho yawe kwenye maji. Maji ya Shab kwa kawaida ni maangavu, rangi ya kijani kibichi inayoelekea buluu, unaona kokoto chini. Yakianza kuwa na tope, yakileta vijiti na majani, au mkisikia ngurumo kutoka juu ya korongo, hakuna kukusanya vitu. Pandeni mahali pa juu mlipo karibu napo na mtulie hapo. Kukimbilia boti iliyowavusha mwanzoni ni kushindana na maji yanayoelekea kulekule mnakokimbilia. Na barabarani vivyo hivyo: kuvusha gari kwenye wadi (bonde la kupitisha maji ya mvua) inayotiririka ni kosa kisheria nchini Oman, na ni njia ya haraka ya kupoteza gari na waliomo. Namba ya dharura ni 9999. Ihifadhini kwenye simu kabla ya kuondoka, kwa sababu ndani ya korongo mtandao unakuja na kupotea.

Msimu mzuri ni kuanzia Oktoba hadi Aprili. Kuna wanaochanganya hapa na Salalah, wakidhani miezi ya Julai na Agosti kutakuwa na manyunyu na kijani. Hayo ni mambo ya Dhofar, mkoa wa Salalah, kusini kabisa. Huku kaskazini kiangazi ni tanuri. Mji wa Qurayyat, ambao mtaupita mkielekea Tiwi, tarehe 26 Juni 2018 ulipitisha saa 24 bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6, usiku ukiwemo. Anayetoka Mombasa au Tanga atasema joto analijua. La pwani yetu, ndiyo. Ila hili la kupigwa na jua juu na kurudishiwa moto na kuta za mawe pande mbili ni jingine, na hata watu wazima wenye afya njema huzidiwa.

Sasa kuogelea. Njia ya miguu inakufikisha kwenye kidimbwi kikubwa, na hapo ndipo kundi linapogawanyika. Kuanzia hapo kuna mfululizo wa vidimbwi. Kimoja unakiogelea, unatoka, unatembea kidogo juu ya mawe, unaingia kingine. Vina sehemu za maji ya kiunoni, kisha hatua moja mbele huna chini. Samaki wadogo watakuja kukudonoa vidole vya miguu ukisimama; hawana madhara, ila mtu asiyewatarajia anaweza kushtuka akateleza. Kidimbwi cha mwisho kinaishia kwenye ufa wa jabali ambao kichwa kinapita na kidogo tu cha ziada. Unaegemea ukuta kwa mikono, unainua uso kuelekea juu ili pua ibaki hewani, miguu haigusi kitu, na mwanga unapungua kadiri unavyosogea. Ukishapita, uko ndani ya pango, na maporomoko yanakumwagikia mbele yako. Si marefu, lakini sauti yake ndani ya jiwe lililofungwa inajaza kila kitu.

Jiulize kwa uaminifu: naweza kuelea dakika kumi bila kugusa chini, huku watu wengine wananisukuma na kunirushia maji? Kama jibu ni la, au ni "nadhani," vaa jaketi okozi, na ulilete mwenyewe, usitegemee kuazima. Kuogelea kwa kushika bega la rafiki ndiko kunakozamisha wawili. Watu wamekufa maji hapa, na maji yenyewe ni matulivu, hayana mawimbi yoyote ya kumtia mtu hofu mapema. Kwenye ule ufa, mwenye woga wa mahali pa kubana asibembelezwe wala asichekwe. Na baada ya mvua, hata kama mafuriko yamekwisha, maji huwa juu zaidi na nafasi ya kichwa hupungua. Mkiikuta hivyo, geuzeni.

Kuna kamba ndani ya pango ya kupandia kando ya maporomoko, na vijana hupanda ili waruke. Mwaka 2012 fainali ya mashindano ya Red Bull ya kuruka majini kutoka majabalini ilifanyika Wadi Shab, na naona picha zile bado zinawapa watu wazimu. Wale walikuwa wanamichezo waliofanya hiyo kazi miaka, na chini yao wapo wazamiaji wanaosubiri. Wewe hujui jiwe lipi limesogea tangu mafuriko ya mwisho. Mimi naona pango lenyewe linatosha, kuruka si lazima.

Hapo kwenye kidimbwi kikubwa kuna swali ambalo watu hulijibu wakiwa wameshavua viatu: mizigo inabaki na nani? Hakuna makabati wala mlinzi. Kubalianeni nyumbani nani atabaki na mabegi, na mbadilishane zamu. Kitu kinachosumbua kuliko simu ni ufunguo wa gari. Funguo za siku hizi za kielektroniki zikilowa zinaweza kufa, na mkajikuta mko kilomita 150 kutoka nyumbani mmesimama nje ya gari lenu wenyewe. Ufunguo ukae kwenye mfuko usiopenya maji, uliojaribiwa kwenye ndoo nyumbani, na kwa mtu mmoja anayejulikana.

Viatu: ndala ziacheni garini. Mwanzoni njia inapita kwenye mitende na migomba ya wanakijiji, kwenye kokoto za kawaida, halafu inapanda kidogo na kufuata ukingo wa jabali kando ya falaji, yaani mfereji wa jadi wa kumwagilia mashamba. Mawe mengine yamesuguliwa na miguu ya watu mpaka yanang'aa kama sahani. Kiatu kizuri ni kile chenye soli ya mpira inayoshika, kinachofungwa kisigino, na ambacho huna uchungu kikilowa, maana kwenye vidimbwi utakihitaji pia. Na kwa kuwa mmepita shambani kwa watu, tende na ndizi si za kuchuma, na falaji si mahali pa kuoshea miguu wala vyombo. Hayo maji yana wenyewe, na yana zamu zake za kumwagilia.

Mavazi ni jambo la adabu na pia la ngozi. Hii ni njia inayopita pembeni ya kijiji, si ufukwe wa hoteli. Wanaume wavae fulana na bukta inayofunika magoti; wanawake nguo ya kuogelea ya mikono mirefu na suruali ya kubana, na kitu cha kujifunga juu wakati wa kutembea. Mtajikuta mmejikinga na jua bila kujipaka mafuta kila nusu saa. Leteni pia nguo kavu za kurudia, zikae garini. Mwezi wa Ramadhani fikirieni mara mbili: kula na kunywa hadharani mchana hakuruhusiwi, hata kwa wasiofunga, na mimi siwezi kumshauri mtu atembee korongo la jangwani asiruhusiwe kunywa maji.

Maji ya kunywa, chukueni lita mbili kwa kila mtu wakati wa baridi, na tatu kukianza kupata joto. Ya kwenye vidimbwi ni mazuri kwa macho, lakini watu wameoga humo tangu asubuhi. Weka na pakiti mbili za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Zina uzito wa karatasi na ni msaada mkubwa kwa mtu aliyeanza kuumwa kichwa na kuona kizunguzungu. Chakula kiwe cha kushika mkononi: chapati, mayai ya kuchemsha, tende. Mambo ya majiko na kuchoma nyama yasiingie korongoni. Taka zote mnarudi nazo, pamoja na maganda.

Wadi huvukwa kwa boti. Mnaegesha chini ya daraja kubwa la barabara kuu, na vyoo viko hapohapo, vitumieni kwa sababu mbele havipo. Kisha boti ndogo inawavusha dakika chache tu, riale moja kwa mtu kwenda na kurudi, pesa taslimu, tena noti ndogo. Kabla hamjashuka upande wa pili, muulizeni mwenye boti anafunga saa ngapi, na saa hiyo iandikeni. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni, na ndani ya kuta zile giza hutangulia. Hesabu yangu ni hii: tokeni Maskati saa kumi na moja alfajiri, muwe botini mapema asubuhi kabla mabasi ya watalii hayajashusha watu, na saa nane mchana muwe mmeshavuka kurudi. Mnaofika saa tano asubuhi siku ya Ijumaa mtapanga foleni hadi kwenye ule ufa.

Watoto wadogo na wazee si lazima wabaki nyumbani. Robo ya kwanza ya njia, yenye kivuli cha mitende na maji ya kifundo cha mguu pembezoni, inatosha kwa siku nzuri, ili mradi abaki nao mtu mzima mmoja ambaye hana haraka ya kuliona pango. Mtoto mgongoni kwenye ule ukingo wa jabali, hapana.

Mwisho ni dereva. Kuogelea na jua humlegeza mtu kuliko anavyojiona, na barabara ya kurudi ni pana, imenyooka na ina kamera za mwendo kwa wingi. Usingizi unakuja wenyewe. Dereva apumzike nusu saa kivulini kabla ya kuwasha gari, au awepo wa pili mwenye leseni inayokubalika Oman. Mkiwa na nguvu na muda, endeleeni hadi Sur, bandari ambayo majahazi yake yalikuwa yakishuka na kaskazi hadi Zanzibar na Mombasa. Kama mmechoka, hata Hawiyat Najm, shimo la asili lenye maji lililoko njiani, liacheni. Liko karibu na barabara kuu, halina kiingilio, mnaweza kulipitia siku nyingine yoyote.