Umerudi Mbeya kutoka Kyela au Dar na mwili unauma? Soma hapa kabla hujameza dawa

Miezi hii ya 6 na 7 unakuta mtu anashuka stendi ya Nane Nane usiku katokea Dar na tisheti yake, sweta lipo kwenye begi na begi lipo kwenye buti, siku mbili mbele homa, kichwa, viungo vyote vinauma, na kila mtu pale nyumbani anamwambia ni baridi tu hiyo utazoea. Inawezekana. Ila usikimbilie huko.

Kwanza piga hesabu ya siku. Mafua ni virusi sio baridi yenyewe, na basi likishapanda Kitonga madirisha yote yanafungwa, akikohoa mmoja mnagawana wote mpaka Uyole, hayo yanaanza ndani ya siku 1 hadi 4. Malaria haina haraka hivyo, toka mbu akuume ni siku 7 na kuendelea, mara nyingi 10 mpaka 15. Kwahiyo kama ulilala Kyela bila neti, homa inaweza kukukuta ushasahau hata kama ulisafiri, alafu unasingizia hali ya hewa.

Sasa nenda kapime, kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole, majibu ni kama dakika 20. Ukikutwa nayo utapewa dawa mseto, mtu mzima ni vidonge 4 mara 6 ndani ya siku 3, dozi ya pili masaa 8 baada ya ile ya kwanza, na meza ukiwa umekula, maziwa au chakula chenye mafuta mafuta. Ukipata nafuu kesho usiache. Majibu yakiwa hamna na homa bado ipo, rudi ukaonwe tena.

Kama ni mafua basi panado, supu, vitu vya moto, ulale. Hizo amoksilini za kununua mbili mbili dukani hazigusi virusi, unapoteza hela tu.

Alafu hili la jiko la mkaa chumbani, jamani. Najua baridi ya huku, na Makete na Njombe ndo usiseme, ila mkaa hata ukishakolea na hauoni moshi bado unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu na watu wanalala hawaamki. Ukiamka kichwa kinagonga na kichefuchefu, ukitoka nje unapata nafuu, hiyo sio malaria wala mafua, ni jiko. Ota moto nje au jikoni mlango wazi, ukiingia kulala jiko libaki huko.

Mtoto mdogo au mjamzito akiwa na homa msisubiri kesho. Na yeyote anayetapika kila kitu, anapumua kwa shida, shingo imekakamaa, anaongea visivyoeleweka au kapata degedege, huyo ni hospitali muda huo huo hata kama ni usiku.

Kikohozi kikipita wiki 2 acha tangawizi, kapime makohozi kuangalia kifua kikuu (TB), vituo vya serikali ni bure.