Kuandaa Trela la Farasi Anayesumbuka Safarini: Mambo ya Kuzingatia Kabla

Farasi anayepiga mateke ukutani, anayelowa jasho kabla safari haijakolea, au anayegoma kabisa kupanda, kwa kawaida huitwa mkaidi, na mimi naona jina hilo linamwonea. Mnyama wa kilo 500, ambaye takriban asilimia 60 ya uzito wake huwa kwenye miguu ya mbele, anatakiwa asimame juu ya sakafu inayotikisika bila kuiona kona inayokuja wala kujua breki itakanyagwa lini. Asipopata nafasi ya kupanua miguu yake atayumba, atajigonga, ataogopa, na siku nyingine akiliona trela atakumbuka. Kwa hiyo trela lichunguzwe kwa swali moja kabla ya mengine yote: je, farasi huyu ataweza kusimama humu bila kuhangaika?

Farasi aliyekuwa akisafiri vizuri kisha akabadilika ghafla aonwe kwanza na daktari wa mifugo, kwa sababu kwato zinazouma, mgongo, vidonda vya tumbo, macho yanayofifia au ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaomnyima mizani haviondolewi na trela zuri.

Nafasi ndiyo inayostahili kupewa muda mrefu zaidi. Farasi wa ukubwa huo huhitaji trela ambalo ndani lina kimo cha mita 2.1 hadi 2.3, ili aweze kuinua kichwa bila kugonga dari, lakini upana chini ya miguu una uzito zaidi kuliko kimo. Katika matrela mengi ya farasi wawili, ubao wa katikati hushuka hadi sakafuni, na farasi anayetaka kutanua mguu ili ajizuie kwenye kona huukuta ubao pale pale alipotaka kukanyaga; hapo huegemea upande mmoja na kuanza kupapatua miguu kwa hofu kana kwamba anapanda ukuta. Ubao unaoishia nusu, na chini yake pakaachwa wazi au pakaning'inizwa mpira laini, huwasaidia wengi wao. Wengine hawatulii mpaka ubao utolewe kabisa na wapewe upana wote, ila anayeutoa ni lazima afunge pau za kifuani na za nyuma zinazoenea upana mzima na zilizotengenezwa kwa trela hilo, kwani pau fupi hutegemea ubao ule ule uliotolewa. Pau ya kifuani ikae usawa wa kifua, isiwe juu kiasi cha kumkaba wala chini kiasi cha kumshawishi aivuke, na iweze kufunguliwa kutoka nje hata farasi akiwa ameilalia.

Wapo farasi wanaotulia wakisimama kwa mshazari, na wapo ambao wakiachwa bila kufungwa hugeuka wenyewe wakaangalia nyuma. Hata hivyo, trela lisilotengenezwa kubeba farasi aliyegeuka lisitumiwe hivyo, kwa sababu uzito huhama na kuharibu mizani ya trela zima. Anayesafiri peke yake katika trela la wawili awekwe upande ulio karibu na katikati ya barabara, maana barabara nyingi huinamia pembeni. Trela pia lisimame sawasawa likiwa limeunganishwa na gari, kwani likiinamia mbele, miguu ya mbele iliyokwisha kulemewa huongezewa mzigo.

Mikeka ya mpira iinuliwe yote na sakafu iliyo chini yake idungwe kwa bisibisi, hasa kwenye pembe ambako mkojo hutuama, kwa kuwa mkojo huozesha mbao na hula alumini. Juu ya mikeka kutandazwe maranda ya mbao yaliyonyunyiziwa maji kidogo, kwa sababu farasi wengi hubana mkojo wakiona sakafu itawarushia matone, na kubana huko huongeza taabu. Ubao wa kupandia uwekwe mahali tambarare, usiteleze na usicheze anapoukanyaga.

Macho ya farasi huchukua muda kuzoea giza, hivyo ndani ya trela pawe na mwanga kabla hajaletwa mlangoni: mlango wa mbele ufunguliwe na taa ziwashwe. Madirisha yaachwe wazi hata wakati wa baridi, lakini yazuiwe ili asitoe kichwa nje. Ni afadhali farasi afunikwe blanketi kuliko kufungiwa na joto, vumbi na harufu kali ya mkojo. Kamba ya kichwa iwe na urefu wa kumwezesha kuinamisha kichwa, na hili nalisisitiza kwa sababu farasi aliyefungwa kichwa juu kwa saa nyingi hawezi kutoa makamasi na vumbi vilivyoingia kwenye njia ya hewa, na vijidudu hushuka hadi mapafuni vikaleta homa hatari siku chache baada ya kufika. Nyasi kavu zilowekwe kwanza, na wavu wake ufungwe juu kiasi ambacho kwato haiwezi kunasa hata wavu ukiwa mtupu. Kila baada ya saa 3 au 4 gari lisimame anyweshwe maji, ikiwezekana yaliyobebwa kutoka nyumbani, kwani wapo wanaokataa maji yenye ladha ngeni.

Minyororo na vyuma vinavyogongana vifungwe vitambaa. Farasi mwenzake mtulivu ndiye msaada mkubwa kuliko wote, na asipopatikana, kioo kisichovunjika kilichofungwa imara kinaweza kumpunguzia upweke; utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha hivyo.

Matairi, breki, taa, minyororo ya usalama na waya unaofunga breki trela likichomoka ni mambo ya kila trela, ila hapa yana sababu ya ziada: farasi huyu ndiye usiyeweza kumshusha kando ya barabara yenye magari. Tarakimu 4 ubavuni mwa tairi huonyesha wiki na mwaka lilipotengenezwa, kwa mfano 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021, na tairi lililozeeka hupasuka hata likiwa na meno mazuri. Jeki iwe ile inayoweza kuinua trela farasi akiwa ndani.

Dereva naye ajipime akiwa na trela tupu. Ndoo yenye maji robo tatu iwekwe sakafuni, kisha azunguke njia yenye kona na vituo. Kilichomwagika ndicho ambacho farasi angelazimika kukizuia kwa miguu yake. Baada ya hapo, kwa siku kadhaa farasi alishwe ndani ya trela lililounganishwa na gari, kisha aendeshwe mwendo mfupi na kurudishwa. Vikinga miguu na kikinga kisogo avizoee zizini, visiwe vitu vigeni siku ya safari. Dawa ya kutuliza aiamue daktari peke yake, kwa kuwa hupunguza uwezo uleule wa kusimama tunaoutafuta.

Wote watakaosaidia wakubaliane mapema juu ya mpangilio wa kufunga. Farasi akishaingia, pau ya nyuma hufungwa kwanza, ndipo kichwa kifungwe kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, kwenye kitanzi cha uzi kinachoweza kukatika. Wakati wa kushusha, kichwa hufunguliwa kwanza na pau ya nyuma baadaye, kwa sababu farasi anayerudi nyuma na kugundua kuwa kichwa chake kimeshikwa huvuta kwa nguvu zake zote, na anayeumia mara nyingi ni yule aliyesimama nyuma yake.