Ukitaka kazi ya masoko ya bidhaa, anzia dukani

Vijana wanaomaliza chuo huniuliza: "Dada, unafanya mauzo au matangazo?" Si hayo. Mimi ni afisa masoko wa bidhaa. Upande mmoja wako mafundi wanaounda programu, upande mwingine yuko mteja, nami niko katikati. Meneja wa bidhaa huamua kitengenezwe nini. Mimi huamua kiende kwa nani, kimwondolee kero ipi, na aambiwe kwa maneno gani.

Chukua M-Pesa. Majaribio yake Kenya yalianza Oktoba 2005, na shabaha ilikuwa wakopaji wa taasisi ya Faulu walipe marejesho yao kwa simu. Watu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Ilipozinduliwa Machi 2007, tangazo lilisema jambo moja tu: tuma pesa nyumbani. Marejesho hayakutajwa. Kuona watu wanachokifanya na bidhaa, kisha kuthubutu kuyaacha mengine yote, ndiyo kazi yenyewe.

Mimi niliijua kwa kukosea. Kampuni niliyoanzia ilikuwa na programu ya wenye maduka, nikaiandikia kipeperushi: "Mfumo wa kusimamia mikopo ya wateja." Manzese, mama mmoja alikisoma, akanirudishia. "Mkopo sitaki, mwanangu." Alidhani nimekuja kumkopesha. Chini ya meza yake kulikuwa na daftari lililofungwa kwa mpira, kona zimelowa mafuta ya taa. Ndani: Mama Juma, sukari nusu, fundi baiskeli, unga kilo mbili. Aliyelipa amepigwa mstari wa peni nyekundu. Nikamuuliza analiitaje. "Daftari la madeni, basi." Tukabadilisha maneno yote, hata kitufe cha kwanza kwenye programu, na wenye maduka wakaacha kuniuliza riba ni kiasi gani.

Kwa hiyo, usisubiri kuajiriwa ndipo uanze. Chagua bidhaa moja unayoitumia, kama pesa za simu. Muombe wakala wa mtaani kwenu ruhusa ukae kibandani pake nusu siku, na kila swali la mteja uliandike kama lilivyotamkwa, usilinyooshe. Mtu akisema "pesa yangu imeng'ang'ania," andika hivyo hivyo, usiandike "muamala haujakamilika." Majina na namba za watu usiziguse.

Ukirudi nyumbani, andika ukurasa mmoja. Bidhaa ni ya nani? Leo anafanyaje bila hiyo? Kwa nini aache anachokizoea? (Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu mshindani wako mara nyingi si kampuni nyingine, ni daftari.) Mwisho, sentensi moja ya kumwambia.

Jifunze pia kusoma hesabu kwenye Excel: wangapi walijiunga, wangapi walirudi wiki ya pili. Hao wa wiki ya pili ndio wanaokuambia kama ulisema kweli.

Cheti cha masoko kinasaidia, lakini nimefanya kazi na waliotokea mauzo, uandishi wa habari na huduma kwa wateja. Ningekuwa naajiri kesho, ningeanza na aliyepokea simu za malalamiko miaka miwili.

Usaili nenda na ukurasa wako. Ila kabla ya hapo mpelekee yule wakala ausome, kisha umuombe akueleze kwa maneno yake. Pale atakaposita, paandike upya.