Somo: Kuchapa bila kutazama vidole, na kuipanga barua ya kikazi ikatulia

Nafundisha kompyuta nyakati za jioni, na kabla ya hapo nilikaa miaka kadhaa kwenye meza ya katibu mahsusi. Wengi wanaonijia wamekwisha kujaribu programu za mazoezi za bure wakakwama njiani. Nikiwauliza walikuwa wakichapa maneno gani, sababu naiona papo hapo: yote ya Kiingereza. Vidole vimezoeshwa njia za lugha nyingine, kisha ofisini wanakabidhiwa barua ya Kiswahili. Kwa hiyo somo hili linafuata maneno yetu.

Hatua ya 1: Mikono ikae wapi

Fumba macho, papasa herufi F na J. Kila moja ina kinundu kidogo. Kidole cha shahada cha kushoto kikae juu ya F, cha kulia juu ya J. Vingine vijipange: kushoto D, S na A; kulia K, L na nukta-mkato. Gumba ni la kitufe cha nafasi. Huo ndio mstari wa kati, na kidole chochote kikitoka kwenda kugonga lazima kirudi hapo. Tandika khanga juu ya mikono yako ikufiche vidole. Wanafunzi wangu waliotumia khanga wameacha kuchungulia mapema kuliko walioahidi tu kwamba hawatachungulia.

Hatua ya 2: Maneno ya mstari wa kati

Hapa Kiswahili kimetupa bahati. Chapa: dada, kaka, hasa, haja, kasha, ghala, ghafla, jalada, sadaka, shahada, fadhaa. Yote hayo yanakamilika bila kugusa mstari wa juu wala wa chini. Fanya dakika 15 asubuhi na 15 jioni kwa siku tano. Ukikosea usifute, maliza mstari, kisha urudie polepole. Mpigo uwe sawa, kama mtu anayetwanga.

Kidole cha mwisho cha kushoto kitachoka, usishangae. Ndicho chenye A, na A ndiyo herufi inayojitokeza zaidi katika Kiswahili. Kwa Kiingereza inayotawala ni E, ambayo ni ya kidole cha kati chenye nguvu. Kikianza kuuma, acha, kunguta mkono, pumzika.

Hatua ya 3: Maneno yanayotusumbua sisi

Mashine zenye mpangilio huu wa herufi zilianza kuuzwa na Remington huko Marekani mwaka 1874, na mpangilio ule haukufikiria neno "nyumba". Litazame: N, Y, U na M zote ni za kidole kimoja, cha shahada cha kulia. "Muhimu" ina herufi sita, na tano ni za kidole hichohicho. "Wazazi" inakilazimisha kidole cha mwisho cha kushoto kugonga mara nne mfululizo. "Kikao" inaanza na K, I, K, zote za kidole cha kati cha kulia.

Hapo ndipo watu huanza kuazima kidole cha jirani, na tabia hiyo ikishaota mizizi kuing'oa ni kazi. Maneno haya yachapeni taratibu mno, hata neno moja kwa sekunde tatu, mpaka kidole kijue safari yake. Ongeza: muhuri, jumuiya, kiasi, mizani, huyu, nyumbani. Ritifaa ya ng'ombe na kung'oa ni ya kidole cha mwisho cha kulia. Q na X zije mwisho kabisa.

Kuhusu kasi: vipimo vingi huhesabu mipigo mitano kuwa neno moja. "Tunawasilisha" pamoja na nafasi yake ni mipigo 14, karibu maneno matatu. Kwa hiyo usihesabu maneno ya karatasini ukajiona mzembe.

Hatua ya 4: Barua

Kasi bila mpangilio haikufikishi mbali. Nimepokea barua nzuri kwa lugha ambayo nilipoifungua kwenye kompyuta nyingine ilisambaratika, kwa sababu mwandishi alisogeza kila kitu kwa kitufe cha nafasi. Bonyeza Ctrl+Shift+8 katika Word: kila nafasi itaonekana kama kitone. Ukiona vitone thelathini mfululizo kabla ya tarehe, hilo ndilo kosa.

Anza na karatasi. Hakikisha ni A4, yaani milimita 210 kwa 297. Kompyuta nyingi huja na saizi ya Kimarekani, fupi na pana kidogo, na hapo ndipo mistari ya mwisho hukimbilia ukurasa wa pili. Pambizo sentimita 2.54 kila upande. Times New Roman 12 inatosha, na ofisi yenye utaratibu wake ufuate huo.

Kumbukumbu namba na tarehe hukaa mstari mmoja, moja kushoto na nyingine kulia. Kwa pambizo hizo eneo la maandishi lina upana wa sentimita 15.92. Weka kituo cha tabo cha kulia hapohapo, yaani alama kwenye rula ya Word inayoyafanya maandishi yaishie hapo, andika kumbukumbu, gonga Tab mara moja, andika tarehe. Haitahama tena.

Anwani ya mpokeaji: kati ya mstari na mstari tumia Shift+Enter, la sivyo cheo, taasisi na sanduku la posta vitaachana kama watu waliogombana. Kichwa cha barua, baada ya YAH, kiwe herufi kubwa. Chagua ama wino mzito ama mstari chini yake. Mimi napenda wino mzito peke yake.

Fedha zisikatike. "Sh." ikibaki mwisho wa mstari na 2,450,000 ikaanza mstari unaofuata, msomaji anajikwaa. Kati yake bonyeza Ctrl+Shift+nafasi. Vivyo hivyo kwa S.L.P. na namba yake. Ukitaka ukurasa mpya ni Ctrl+Enter, si kugonga Enter mpaka ufike.

Maswali niliyoulizwa

*Mwalimu, shikamoo. Nachapa kwa vidole viwili mwaka wa kumi huu, na niko haraka. Kuna haja ya kuanza upya?*

Marahaba. Kama unanakili karatasi, ipo, maana macho yako yanapanda na kushuka siku nzima na shingo ndiyo inayolipa. Lakini kasi itashuka kwa wiki kadhaa. Usihamie kipindi cha kufunga hesabu. Jifunze jioni, kazini endelea kama zamani, kisha chagua wiki tulivu uhamie moja kwa moja.

*Dada, sina kompyuta, nina simu tu.*

Nunua kibodi ya kawaida ya waya na kiunganishi cha OTG, kile kidogo cha kuchomeka waya wa kibodi kwenye tundu la chaji la simu. Simu nyingi za Android huipokea. Vidole havijui kama kioo ni kidogo.

*Tangazo la ukatibu mahsusi linataka maneno 80 kwa dakika. Mimi nachapa 45. Niache kuomba?*

Lisome tena, mdogo wangu. Matangazo mengi ya serikali hutaja maneno 80 kwa somo la hatimkato, yaani kunakili kwa alama fupi za mkono maneno ya mtu anayesema. Huo ni ujuzi mwingine na una mtihani wake. Kama cheti cha uhazili chenye hatimkato huna, 45 zako hazitaziba pengo hilo. Kama unacho, omba.

*Barua yangu nyumbani ni ukurasa mmoja, steshenari inatoka miwili. Nifanyeje?*

Mambo mawili: saizi ya karatasi niliyotaja, na aina ya herufi ambayo kompyuta yao haina, ikabadilishwa na nyingine pana. Hifadhi kwa PDF kabla ya kutoka nyumbani, upeleke hiyo. Na faili la Word bado libebe kwenye flashi, maana mara nyingi kosa la jina la mkurugenzi huonekana baada ya nakala ya kwanza kutoka.