Kampuni inataka cheti cha ISO 45001? Fanya hivi kabla ya kumwita mkaguzi

Wengi bosi akisema tu tunataka cheti cha usalama na afya kazini, wanakimbilia kudownload templeti, wanabadilisha jina la kampuni, wanaprinti, wanajaza mafaili kabatini wakidhani kazi imeisha. Mkaguzi mzoefu anaijua hiyo michezo kuliko wewe. ISO 45001, yaani standadi ya kimataifa ya mfumo wa usalama na afya kazini, hii ya 2018 iliyochukua nafasi ya ile ya zamani OHSAS 18001, wala haidai kitabu kikubwa cha mwongozo, inachodai ni uonyeshe mfumo unafanya kazi.

Kwanza nunua standadi yenyewe uisome. Masharti yako kipengele cha 4 mpaka cha 10, kurasa si nyingi. Kuna na nyongeza ya 2024 inayotaka uangalie kama mabadiliko ya tabianchi yanakuhusu, watu wanaisahau sana, ila kama una mafundi wanaoshinda juani basi inakuhusu. Ukimaliza, zunguka kampuni nzima uone kipi mnacho na kipi hamna, na amueni mapema cheti kitagusa maeneo gani. Msije mkaacha karakana nje eti kwa sababu ndo yenye matatizo, hilo halikubaliki.

Sasa kazi yenyewe ipo kwenye kutambua hatari, na hapa usikae ofisini na mtu mmoja wa usalama mkajaza jedwali. Nenda pale mashine ilipo, muulize anayeitumia kila siku ni wapi panamtisha, atakuambia vitu ambavyo supavaiza wake havijui, mfano kwamba kinga ya grainda (mashine ya kusagia na kukatia chuma) huwa inatolewa kwa sababu jiwe wanaloletewa ni kubwa kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo tatizo limeanzia kwa anayenunua vifaa, fundi unamwonea bure. Ushiriki wa wafanyakazi una kipengele chake kabisa, 5.4, na mkaguzi atawafuata wenyewe awaulize, ukiona hatari unamwambia nani? kuna mtu aliwahi kukuuliza maoni yako? Ukiwakaririsha majibu usiku wa kuamkia ukaguzi inajulikana tu, swali la pili wanakwama.

Ukishazijua hatari, kuna mpangilio wa kuzidhibiti na lazima uufuate kwa mfuatano wake: ondoa hatari kabisa, ukishindwa badilisha na kitu chenye hatari ndogo, ukishindwa weka kizuizi cha kiufundi au panga kazi upya, halafu ndo unakuja kwenye taratibu, mabango na mafunzo, mwisho kabisa vifaa kinga. Kampuni nyingi zinaanzia mwisho. Kelele ni kubwa? wanagawa viziba masikio, mashine yenyewe hakuna aliyeiangalia.

Sheria za nchi yako nazo orodhesha, andika na jinsi mnavyozitimiza, sio majina ya sheria tu. Makandarasi usiwasahau, walinzi, wasafishaji, mafundi wa kuja na kuondoka, wote wako chini ya mfumo wako wakiwa eneo lako. Mazoezi ya dharura fanyeni kweli, mkiona mlango wa kutokea umezibwa na maboksi andikeni hivyo hivyo, msiremberembe ripoti.

Rekodi ya tukio dogo lililoshughulikiwa vizuri inakubeba kuliko karatasi safi zisizo na tukio hata moja. Tuseme mtu kateleza kwenye mafuta karibu akaanguka. Kupiga deki na kufunga fomu haitoshi, uliza mafuta yametoka wapi, kumbe sili (mpira wa kuzuia mafuta yasivuje) imechakaa, kwa nini haikubadilishwa, kumbe haimo kwenye ratiba ya matengenezo, basi unaiingiza, na baada ya muda unarudi kuhakikisha hakuvuji tena. Ukiwa na mifano kadhaa ya namna hiyo uko vizuri.

Kabla ya mkaguzi wa nje, ukaguzi wa ndani uwe umefanyika (mtu asikague kazi yake mwenyewe) na menejimenti iwe imekaa kupitia mfumo, minitsi zikionyesha maamuzi, nani anafanya nini na bajeti ipo. Bosi mkubwa awepo, ataulizwa yeye, sio afisa usalama.

Kuhusu nani wa kukupa cheti, ISO wenyewe hawatoi, kinatolewa na kampuni za ukaguzi, kwa hiyo hakikisha unayoichagua ina ithibati, yaani imetambuliwa rasmi na chombo kinachosimamia kampuni hizo, na aliyekuandalia mfumo kama konsaltanti asiwe ndo huyo huyo anayekukagua. Wanakuja kwa hatua mbili, ya kwanza wanaangalia kama mko tayari, ya pili wanaingia mpaka karakana. Wakikuta kasoro kubwa hampati cheti mpaka mrekebishe na waridhike, zile ndogo mnapeleka mpango wa marekebisho. Mkishapata kinadumu miaka 3 ila kila mwaka wanarudi kuchungulia, na cha kwanza wanachouliza ni zile kasoro za mwaka jana zimeishia wapi.