Namna ya Kuitazama Sanamu ya Cupid na Psyche Iliyoko Roma

Sanamu ya marumaru ya Cupid, mungu wa mapenzi wa Kirumi, na mpenzi wake Psyche, iliyochimbuliwa katika kilima cha Aventino mjini Roma na kukabidhiwa makumbusho ya Musei Capitolini ya mji huohuo na Papa Benedikto XIV mwaka 1749, ina kimo cha sentimita 125 tu, kwa hiyo ni rahisi kuipita bila kuitazama. Anayetaka kuielewa ajitengee muda wa kutosha kwa ajili yake peke yake.

Kabla ya yote, hadithi iwekwe kando. Kisa cha Psyche tunakipata kwa Apuleius, mwandishi wa karne ya 2 BK aliyezaliwa Madauros, Afrika Kaskazini. Lakini marumaru hii ni nakala ya Kirumi ya kazi iliyobuniwa na Wagiriki karne ya 2 au ya 1 KK, yaani wapenzi hawa walikwisha kukumbatiana katika jiwe kabla Apuleius hajazaliwa. Si sahihi, basi, kutafuta humo mambo ya kisa hicho: taa ambayo Psyche alimmulikia Cupid aliyelala, tone la mafuta lililomwunguza, au dada zake Psyche wenye wivu. Mchongaji Mwitaliano Antonio Canova, aliyeichonga sanamu yake ya wapenzi haohao, iliyoko makumbusho ya Louvre mjini Paris, kati ya mwaka 1787 na 1793, alichagua tukio mahususi, pale Cupid anapomzindua Psyche usingizini. Mchongaji wa kale hakuchagua tukio lolote, alichonga busu tu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ulipo uzito wa kazi yake.

Baada ya hapo, anza kutazama ukiwa umesimama hatua kadhaa mbali nayo, kisha izunguke polepole. Nyuso mbili zinazobusiana hufichana zikitazamwa upande mmoja na kufunuka upande mwingine, na ni kwa kuzunguka tu ndipo utakapoona jinsi mkono mmoja wa Cupid ulivyoshika uso wa Psyche na mwingine ukakishika kichwa chake kwa nyuma. Cupid yuko uchi, ilhali Psyche amefunikwa nguo kuanzia nyonga, na mikunjo yake inautofautisha mwili laini wa juu na sehemu ya chini iliyojaa vivuli. Angalia pia migongo: hapa hawana mabawa, ingawa katika sanaa ya Kirumi Psyche huonekana mara nyingi akiwa na mabawa ya kipepeo.

Sasa sogea karibu, bila kugusa, kwa sababu mafuta ya vidole huingia katika marumaru na kuacha madoa. Linganisha nywele, ambazo katika sanamu za Kirumi mara nyingi huwa na mashimo ya keekee, na ngozi iliyosuguliwa mpaka ikawa nyororo. Chunguza mistari myembamba na sehemu zenye rangi tofauti kidogo, hasa puani na vidoleni, kwani wakarabati wa karne ya 18 walizoea kujazia viungo vilivyopotea, nawe hupaswi kumsifu mchongaji wa kale kwa kidole cha mkarabati. Kumbuka vilevile kwamba marumaru za kale zilipakwa rangi machoni, midomoni na kwenye nywele. Weupe tunaouona leo haukukusudiwa.

Ukipata nafasi, nenda Ostia, bandari ya kale ya Roma, kwenye nyumba iliyopewa jina la wapenzi hawa kwa sababu ya sanamu ndogo iliyofukuliwa humo. Iliyosimama ndani ya nyumba hiyo ni nakala ya kisasa. Ya asili imo katika makumbusho ya hapohapo Ostia, na ndiyo ya kulinganisha na hii ya Roma.